Aliyemfungulia Nembris Mlango

Mchungaji, wazee wa kanisa, shehe wetu, mwenyekiti wa kijiji, ndugu mlioteremka kutoka Bumbuli, mliotoka Mnyuzi, Korogwe na Kabuku, pamoja nanyi wafugaji mliokuja kutoka mabomani, wakubwa zangu shikamooni, na wote poleni kwa msiba huu wetu. Mimi ninayesimama mbele yenu naitwa Muhsin Mhina, wa hapa hapa Mkata, mume wa Lea binti wa marehemu, na kama mnavyonijua mimi ni Mwislamu, kwa hiyo huenda wapo wanaojiuliza kwa nini familia ya Kikristo imempa mkwe Mwislamu kazi ya kusoma habari za mama yao. Jibu ni kwamba watoto wenyewe hawakukubaliana yasemwe yapi na yaachwe yapi, shemeji yangu Simeo alitaka jambo moja lisiguswe, mke wangu Lea akasema jambo hilo lisipoguswa basi hakuna historia ya kusomwa, wakabishana tangu siku ya msiba, mwisho nikaambiwa niandike mimi, nisome mimi, na lawama nizibebe mimi.

Mama yetu Asnath Elikana Shemboza alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji kimoja cha Bumbuli, Wilaya ya Lushoto, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Elikana Shemboza na mkewe Bibi Loyce, wakulima wa mahindi, maharage na chai kidogo, na alibatizwa mwaka huo huo katika kanisa la Kilutheri la pale kijijini. Alianza shule ya msingi mwaka 1963 akamaliza darasa la saba mwaka 1969, hakuchaguliwa kuendelea, na waliosoma naye, ambao wawili wako hapa leo, wanasema mwalimu alikuwa akimtuma kila mahali kwa sababu hakuweza kukaa kwenye dawati, ama ataenda kuchota maji, ama atafagia, ama atambeba mtoto wa mtu aliyeanguka. Katika darasa la kipaimara mwinjilisti alimwambia asimame aombe kwa maneno yake mwenyewe, akasimama, akanyamaza, akaendelea kunyamaza mpaka mwinjilisti akamwita mwingine, na kuanzia pale hadi mwisho wa maisha yake hakuna mtu wa kanisa hili aliyewahi kumsikia akiomba kwa sauti wala akitoa ushuhuda. Kina mama wa usharika walipotaka kumchagua kiongozi wao, mwaka 2003, aliwaambia, "Chagueni anayejua kusema, mimi nipeni sufuria," na wapo waliomwona ana kiburi, na wapo waliosema imani yake ni ndogo, na hayo aliyasikia.

Mwaka 1972 alishuka Korogwe kuishi kwa shangazi yake, akapata kazi katika shamba moja la mkonge upande wa Mnyuzi, kazi ya kuwaangalia watoto wadogo wa wakata mkonge wakati wazazi wao wako shambani, kazi aliyoifanya mpaka alipoolewa. Hapo Mnyuzi ndipo alipokutana na Julius Singano, mfanyakazi wa njia ya reli, wakafunga ndoa takatifu Korogwe tarehe 18 Septemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, Simeo aliyezaliwa mwaka 1978, Joseph aliyezaliwa mwaka 1981 akafariki kwa malaria akiwa na miaka mitatu, na Lea aliyezaliwa mwaka 1984, miezi michache baada ya kaka yake kuzikwa. Mwaka 1997 mzee Julius alipunguzwa kazi relini, wakahamia hapa Mkata, Wilaya ya Handeni, wakapata shamba la mahindi na mihogo lililo kati ya kijiji na lambo la maji, shamba ambalo ninyi nyote mnalijua, na nitalirudia.

Niruhusuni niseme kidogo kuhusu ndoa yangu, maana bila hiyo nisingekuwepo hapa. Lea na mimi tulifunga ndoa ya serikali Handeni mwaka 2006, na wazee wa kanisa walikwenda nyumbani kwa Mama kumpa pole kama waliofiwa, wakakaa, wakanywa chai yake, wakaongea mengi, naye hakuwajibu neno. Upande wetu nako kulikuwa na maneno, mama yangu mzazi, Bibi Hamisa, alisema hataki kumwona yule mkwe wa kanisani. Ramadhani ya kwanza Mama alikuja kwetu na kapu la mihogo aliyoimenya mwenyewe, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mama yangu, akakaa kwenye kibao, akaanza kukuna nazi. Mama yangu akamuuliza, "Mkwe, wewe hufungi, umekuja kufanya nini?" Akajibu, "Nimekuja kukuna nazi." Leo mama yangu yuko pale kwenye mkeka wa mbele, na tangu asubuhi hajanyanyuka.

Mzee Julius alifariki tarehe 2 Juni 2010, na Mama akabaki na shamba akisaidiana na Simeo, ambaye alikuwa ameoa akaachana na mkewe, akarudi nyumbani.

Sasa nafika mwaka 2015, na naona baadhi yenu mnajigeuza kwenye viti. Mmekaa pande mbili, wakulima kulia na wafugaji kushoto, hakuna aliyewapanga, mmejipanga wenyewe, na mimi nimeliona hilo tangu tulipofika. Vuli ya mwaka uliotangulia mvua zilikatika mapema, lambo likapungua, na Jumamosi tarehe 7 Februari kundi la ng'ombe wa Lemburis, ambaye yuko hapa, liliingia katika mashamba likiyatafuta maji, likapita katika mahindi mabichi ya watu wengi, yakiwamo ya Mama. Vijana wa kijiji walikimbilia kule wakiwa na mapanga, vijana wa mabomani wakaja na fimbo, na katika vurugu hiyo Simeo alipigwa usoni. Aliyempiga hajajulikana mpaka leo, aliyeona hakusema na aliyesema hakuona. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali Korogwe, nikabaki naye, na daktari alijitahidi sana lakini jicho la kushoto halikupona.

Huku nyuma kijiji kilikaa kikao, ikakubaliwa kwamba hakuna atakayemuuzia mfugaji kitu wala bodaboda atakayembeba. Alhamisi tarehe 12, mchana, mke wa Lemburis, Nembris, alifika barabarani akiwa katika uchungu wa kuzaa, ametembea kutoka bomani pamoja na wifi yake, na bodaboda zote zilizokuwa pale kituoni zikawashwa zikaondoka tupu. Akashindwa kuendelea. Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa ya Mama, na Lea alikuwepo, kwa hiyo haya nayasema kwa kinywa chake. Mama alikuwa anafunga mzigo wa nguo na chakula vya kumpelekea Simeo, akasikia mtu anaegemea mlango, akafungua, akamwona, akamjua ni mke wa nani. Lea anasema Mama alisimama pale akiwa ameshika kitasa muda ambao yeye Lea aliuona mrefu kupita kiasi, kisha akasogea pembeni, akamwambia Nembris, "Ingia."

Vijana walisikia, wakaja wakajaa mlangoni, na sitawataja kwa sababu mko hapa na wengine mna watoto wakubwa sasa. Mmoja akasema, "Mama, mtoe huyo mtu. Jicho la mwanao halijakauka." Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, hakugeuka, akawaambia, "Mmenizibia mwanga. Nileteeni maji au ondokeni mlangoni." Wakasimama. Wakatazamana. Mmoja akaenda, wakadhani amekwenda kuwaita wazee, akarudi na ndoo ya maji, akaiweka kizingitini bila kuingia, akaondoka zake. Muuguzi wa zahanati alipofika alimpima akasema mtoto amekaa vibaya, hapa haiwezekani, apelekwe hospitali ya wilaya mara moja, na gari hakuna. Basi Mama akatoka mpaka barabara kuu, akaingia katikati ya lami akipunga kanga yake, magari yakapiga honi yakampita, mpaka lori moja la saruji lililokuwa likielekea Moshi likasimama, na dereva, ambaye hatukuwahi kulijua jina lake, akawachukua mpaka Korogwe.

Mimi nilikuwa wodini na Simeo. Nilikuwa namnywesha maji nilipomwona Mama anaingia, kanga yake imelowa damu, nikasimama. Simeo akamwona kwa jicho lililobaki, akataka kuinuka. "Mama, hiyo damu ni ya nani?"

"Ya mke wa Lemburis. Mtoto amekaa vibaya, wako naye chumba cha upasuaji."

"Lemburis mwenye ng'ombe?"

"Ndiye."

Simeo akawa anasubiri. Nami nilisubiri. Mama akalinyoosha shuka lake, akachukua beseni akaenda kulimwaga, akarudi, akauliza kama amekula, nikasema amekula uji, akamshika mguu kidogo, kisha akasema lazima arudi kule wodi ya wazazi kwa sababu yule mama hana mtu anayejua Kiswahili vizuri wa kumsemea. Akaondoka. Simeo akageuza uso ukutani, akaniambia, "Shemeji, umeona? Hata neno."

Nembris alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, na wote wawili wako hapa wamekaa upande ule. Simeo alipotoka hospitali hakurudi nyumbani, alikwenda Kabuku akafungua duka la vipuri vya pikipiki, na hakuongea na mama yake kwa miaka tisa. Si kwamba alimtukana, hapana, alikuwa hamjibu tu. Mama naye hakwenda kumbembeleza wala hakumtuma mtu wa kusuluhisha. Alikuwa akipanda basi kwenda Kabuku siku ya gulio, anafika dukani, anaweka chini alichobeba, unga, mihogo, wakati mwingine kuku, anachukua ufagio wa Simeo anafagia mbele ya duka, anaosha vyombo vilivyolala, anafua mashuka yake, Simeo anazunguka nyuma kwenye pikipiki za watu mpaka Mama aondoke. Niliwahi kumsindikiza. Njiani kurudi nilimwambia, "Mama, ukimwambia neno moja tu huyu atalainika." Akatazama nje ya dirisha mpaka tukakaribia Mkata, halafu akasema, "Nafua mashuka yake, Muhsin."

Jambo la pili lililomuumiza Simeo ni lile la shamba, nalo nalisema wazi kwa kuwa ndilo lililobishaniwa. Mwaka uleule wa 2015, mwezi wa Julai, Mama alikwenda bomani kwa Lemburis kwa miguu, peke yake, akamwambia, "Njoo uone ng'ombe wako walipopita." Lemburis alidhani anaitwa kwenye baraza la kulipishwa, akakataa, Mama akakaa pale uani pake mpaka alipokubali. Wakatembea wote wawili mpakani mwa shamba la Mama, kuanzia kwenye mbuga mpaka lamboni, na Mama akachora njia kwa jembe, ndani ya shamba lake mwenyewe, upana wa kutosha ng'ombe kupita bila kugusa shamba la mtu mwingine yeyote. Akaleta miche ya mkonge, akaanza kuipanda kando kando ya ile njia kuwa uzio, siku ya kwanza alipanda peke yake, siku ya pili Nembris alikuja na mtoto mgongoni, na baada ya hapo wakaja wengine, wa huku wachache, wa kule wachache, si wengi kama tunavyopenda kusimulia sasa. Kijiji kilimsema sana. Walisema ametoa ardhi ya watoto, walisema amerogwa, na katika kanisa lake walikuwepo waliokataa kula chakula alichopika yeye. Yeye aliendelea kupika. Ardhi ile ilikuwa ndiyo urithi wa Simeo, wala hakuulizwa, na Mama hakuwahi kumweleza, na hilo, ndugu zangu, mimi kama mkwe niliyempenda nasema halikuwa sawa. Lakini tangu njia ile ikatwe hakuna mtu aliyemwaga damu ya mwenzake kwa ajili ya maji ya lambo lile, na hilo nalo nalisema.

Mwezi wa Novemba mwaka jana, 2023, Mama alianza kulalamikia tumbo, yeye ambaye hakuwahi kulalamika, akatibiwa Handeni, akapelekwa Korogwe, kisha hospitali ya rufaa Tanga, ambako waligundua ni uvimbe katika ini uliokwisha kukua. Tulirudi naye Korogwe mwezi wa Juni kwa kuwa hakutaka kuwa mbali, na kitandani alitupa shida kubwa, maana hakukubali kulala, aliamka akataka kuwakunjia wagonjwa wengine mablanketi, manesi wakamrudisha, akaamka tena. Nembris alikuja akakaa naye, siku nyingi kuliko ninavyoweza kusema, akimgeuza na kumwosha, na Lea alipomwambia apumzike alikataa.

Simeo alikuja tarehe 21 Julai, siku ya Jumapili, mchana. Nilimwona mlangoni mwa wodi amesimama na kofia mkononi. Nembris alimwona pia, akainuka, akapita pembeni yake akatoka nje. Nami nikainuka, lakini Mama alinipungia mkono nikae, kwa hiyo nilisikia.

Akasema, "Simeo."

"Naam, Mama."

"Sogea nilione."

Simeo akasogea. Mama akanyoosha mkono akaligusa lile jicho, akaliacha, akavuta pumzi. "Siku ile nilipoliona," akasema, "nilijua nikifungua kinywa nitalaani. Na nikishalaani, sitaweza kumshika yule mama aliyekuwa anazaa. Ndiyo maana nikanyamaza. Halafu nikazoea kunyamaza. Kwa hilo la kuzoea nisamehe."

Simeo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Ungeniambia, Mama."

"Ndiyo. Ningekuambia. Liliniuma, mwanangu. Linaniuma mpaka sasa."

Simeo alikuwa akiizungusha ile kofia. Baadaye akasema, "Nimekusikia." Mama akamwomba amgeuzie ubavu wa pili, akamgeuza, na akabaki pale Korogwe akilala kwenye benchi la nje mpaka mwisho. Yeye na Nembris walipishana mlangoni kila siku, huyu akiingia yule akitoka, na sikuwasikia wakisalimiana.

Mama Asnath alifariki Jumanne tarehe 20 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano, ambao wengine wana majina ya Biblia na wengine majina ya Kiislamu, na wote aliwanyoa nywele kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Handeni, Korogwe na Tanga waliomhangaikia, uongozi wa kanisa na kina mama wa usharika waliopika tangu juzi, wazee wa reli mliokuja kutoka Mnyuzi kwa heshima ya mzee Julius, wafanyabiashara wenzangu wa Mkata mliofunga maduka leo, majirani wote, watu wa mabomani mlioleta maji kwa punda mapipa yakajaa, shehe wetu aliyeongoza vijana wa msikitini kuchimba kaburi, na dereva yule wa lori la saruji, popote alipo, kama yu hai Mungu amlinde.

Lipo la mwisho, ambalo halikuwemo katika karatasi hii. Leo asubuhi nikiwa naandika, Simeo alikuja akasimama nyuma yangu. Akauliza, "Umeandika ya hospitali?" Nikasema nimeyaandika, na ya shamba pia, na kama anataka niyafute aseme sasa. Nikasubiri nimeshika kalamu. Kisha akasema, "Acha. Ongeza hili. Jeneza mbele upande wa kulia nitabeba mimi. Upande wa kushoto, ule nisiouona, abebe Lemburis."

Nikamuuliza, "Umekwisha kuongea naye?"

Akasema, "Bado. Wewe soma tu."

Nimesoma. Mzee Lemburis, umesikia kwa mara ya kwanza sasa hivi kama walivyosikia wenzako, nami sijui utajibu nini, lakini jeneza liko pale, na Simeo amekwisha kusimama.

Mama yetu Asnath, wanao wanakuja kukunyanyua. Nenda kwa Mungu wako ukapumzike kwa amani.